Wing Chun: kiwiko kwanza, ngumi baadaye

Wing Chun ni kung-fu ya kusini mwa China, yenye mizizi Foshan, ambayo mwalimu Ip Man aliifundisha Hong Kong hadi alipofariki mwaka 1972. Ni mapigano ya karibu, na yote yanazunguka mstari wa kati: ule unaoshuka kutoka puani, kooni, kifuani hadi kitovuni. Linda wako, shambulia wa mwenzako.

Simama miguu ikiwa pamoja, magoti yamekunjwa kidogo. Egemea visigino, geuza vidole nje. Kisha egemea vidole, geuza visigino nje. Sasa vidole vinaelekeana. Msimamo huu huitwa Yi Ji Kim Yeung Ma, kama mtu aliyembana mbuzi kwa magoti. Kubana kwenyewe ni kidogo tu: goti lifuate uelekeo wa vidole. Likiporomoka ndani zaidi, mzigo huangukia kano za goti, na hapo ndipo wanafunzi wengi huumia. Mwombe mwenzako akusukume kifuani taratibu. Ukipepesuka kurudi nyuma, umeegemea nyuma. Sogeza nyonga mbele.

Ngumi isimame wima, ianzie katikati ya kifua, igonge kwa vifundo vitatu vya chini. Kiwiko kielekee chini na kibaki ndani. Kikitoka nje, bega hupanda, nguvu hukatika njiani na mlango wa kifua unabaki wazi. Jipime: simama ubavu wa kulia ukikaribia kugusa ukuta, piga ngumi ya kulia. Kiwiko kikigonga ukuta, kimetoka.

Dawa yake ni Siu Nim Tau, mfululizo wa kwanza wa miondoko ambao mwanafunzi hujifunza. Tan Sau, mkono wa kulinda wenye kiganja kikiangalia juu, isogezwe mbele polepole mno, isimame kiwiko kikiwa mbali na mbavu kwa upana wa ngumi hivi. Sehemu hii ichukue dakika kadhaa. Anayeiharakisha hutumia bega bila kujua, na hatajua mpaka aguswe.

Kulinda na kupiga ni tendo moja: Pak Sau (kofi la kulinda) ya kushoto na ngumi ya kulia zifike pamoja. Ukilinda kwanza ndipo upige, umempa mpinzani nafasi ya pigo la pili.

Haya yote hupimwa kwenye Chi Sau, zoezi la watu wawili mikono ikigusana. Kinachokuja kipokee, kinachoondoka kisindikize, mkono ukiachwa huru songa mbele. Msukumo uwe mwepesi, kama ufito uliopindwa unaotaka kunyooka. Ukisukuma kwa nguvu, mwenzako akiondoa mkono tu, wewe utaanguka mbele.