Kupima kiwango cha fahamu kwa kipimo cha Glasgow

Kwanza hakikisha njia ya hewa iko wazi, kisha pima sukari ya damu. Sukari iliyoshuka sana humpotezea mtu fahamu hata kama ubongo haujajeruhiwa.

Kipimo hiki, kilichotolewa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, kina sehemu tatu. Macho: yakiwa wazi yenyewe alama 4, yakifunguka kwa kuitwa 3, kwa mgonjwa kubonyezwa ncha ya kidole 2, yasipofunguka 1. Maneno: anajua jina lake, mahali alipo na mwezi 5, amechanganyikiwa 4, maneno mojamoja 3, kuguna tu 2, kimya 1.

Mwendo wa viungo ndio unaoeleza mengi zaidi. Akitii agizo, 6. Mwambie akubane vidole, halafu aachie, maana kubana peke yake huweza kuwa mwitikio usio wa hiari. Asipotii, bonyeza misuli kati ya shingo na bega kwa nguvu inayoongezeka, hadi sekunde 10. Mkono ukipanda juu ya mtulinga kufuata maumivu, 5. Kiwiko kikikunjwa kikawaida 4, kikikunjwa isivyo kawaida 3, kikinyooka 2, bila mwitikio 1. Andika mkono uliofanya vizuri zaidi.

Macho yaliyovimba au mrija kooni: andika “haipimiki”, kamwe si 1. Andika kila sehemu peke yake, kwa sababu jumla huficha kilichoshuka. Jumla ya 8 au chini kwa aliyeumia kichwa ni hali mbaya: mwite daktari mara moja.