Kubadili mkanda wa taimingi kwenye Corolla na Carina za injini ya 5A

Kabla ya kununua chochote, soma kibao cha chuma kilichopo kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Kikiandikwa 4A-FE, 5A-FE au 7A-FE, gari lako linatumia mkanda wa taimingi wa mpira, ule unaounganisha krankshafti (shafti kuu ya chini ya injini) na kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu). Hizi ndizo injini za Corolla AE100 na AE110, Sprinter za miaka hiyo, Carina Ti na Premio za kwanza. Ukikuta 1NZ-FE, yaani Corolla za NZE, Allion na nyingi zilizofuata, humo kuna cheni. Fundi akikwambia mkanda wa taimingi wa 1NZ umefika muda wake, tafuta fundi mwingine.

Toyota huhesabu kilomita 100,000. Tatizo ni kwamba kilomita za gari la mtumba huzijui. Dashibodi hurudishwa nyuma. Tafuta stika ya Kijapani kwenye kava la mkanda au pembeni ya boneti, ikiwa na tarehe na kilomita: hiyo huwekwa mkanda ukibadilishwa kule Japani. Usipoiona, chukulia kuwa mkanda ni wa kiwandani na umeshazeeka. Kwa joto na vumbi la kwetu, kilomita 80,000 au miaka 5, kitakachotangulia, ni kipimo cha busara zaidi.

Kwenye 5A-FE mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Gari linazima tu. Ndiyo maana wengi hupuuza. Lakini kuzimikiwa na gari kwenye mteremko wa Kitonga usiku, usukani ukiwa mzito na breki zimepoteza msaada wake, si jambo la kupuuza. Na usiipeleke hesabu hii kwenye injini za dizeli: 2L, 3L, 5L na 1KZ mkanda ukikatika valvu zinapinda. Taa ya T-BELT (ya mkanda wa taimingi) ikiwaka kwenye dashibodi ya Hiace au Prado, usiendelee kuzunguka nayo.

Spea za kununua ni mkanda, beringi ya tenshena (roli inayokaza mkanda) pamoja na springi yake, sili ya mbele ya krankshafti, sili ya kamshafti na gasketi ya kava la tapeti. Mkanda feki ni mwingi sokoni. Mkononi huwezi kuujua kwa uhakika, ila ulinganishe na wa zamani: hesabu meno yote, pima upana, tazama umbo la jino. Ukipishana jino moja, rudisha dukani. Pampu ya maji kwenye injini hizi haizungushwi na mkanda wa taimingi, inazungushwa na mkanda wa nje wa altaneta. Kwa hiyo si lazima uibadili, lakini kama inavuja au beringi yake inacheza, ifanye sasa maana makava yameshatoka.

Kazi ifanyike injini ikiwa baridi. Toa waya wa hasi wa betri. Legeza nati za tairi la mbele kulia (spana ya boksi namba 21), inua gari, weka stendi. Jeki peke yake isikubebee gari. Toa tairi na plastiki ya pembeni, hapo utaiona puli ya krankshafti uso kwa uso. Legeza bolti za puli ya pampu ya maji wakati mikanda ya nje bado imekaza, kisha toa mikanda yote: altaneta, AC, pawa stelingi. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa urahisi. Toa kava la tapeti. Weka ubao kati ya jeki na sampu (karai la oili chini ya injini), inua injini kidogo tu, ndipo ufungue maunti ya kulia inayoishikilia injini. Ukiinua bila ubao utabonyeza sampu.

Sasa sehemu yenye maana kuliko zote: alama. Zungusha krankshafti kwa spana, kwa mwendo wa saa tu ukiwa umesimama upande wa tairi, mpaka mkwaruzo kwenye puli ukae sawa na 0 iliyochorwa kwenye kava la chini. Halafu tazama puli ya kamshafti. Ina tundu dogo, na nyingi huwa na herufi K karibu yake. Ukichungulia ndani ya tundu hilo lazima uione alama iliyochongwa kwenye kifuniko cha beringi nyuma yake, ikiwa katikati kabisa. Shusha jicho lililingane na tundu na umulike kwa tochi. Ukitazama kutoka juu utaona kama imekaa sawa kumbe imepishana jino. Tundu likiwa limeangalia chini, krankshafti ipo mzunguko mmoja nyuma: izungushe raundi moja kamili kisha utazame tena.

Bolti ya puli ya krankshafti ndiyo inayowachosha watu. Bunduki ya upepo huifungua kwa sekunde mbili. Kama huna, gari la gia za mkono weka gia ya tano na mtu akanyage breki kwa nguvu. Kwa otomatiki zuia puli kwa kifaa kinachofungwa kwenye mashimo yake. Usiipige nyundo pembeni wala kuichokoa kwa bisibisi. Ikigoma kutoka tumia pula (kifaa cha kuvutia puli). Ukishaitoa hakikisha krankshafti haikusogea: puli ya meno ya chini nayo ina alama yake inayolingana na alama kwenye mwili wa pampu ya oili. Kuanzia hapa alama hiyo ndiyo mwongozo wako, si 0 ya kava.

Toa makava. Legeza bolti ya tenshena, isukume upande wa ukuta wa nyuma ya injini mpaka mwisho, ikaze kwa muda, kisha vua mkanda. Sasa tazama sili. Ukiona oili hata kidogo nyuma ya puli au chini ya krankshafti, badili. Mpira uliolowa oili huvimba na meno huanza kung'oka. Chomoa sili ya zamani kwa bisibisi iliyozungushiwa solotepu usije ukakwaruza shafti, paka mpya grisi kidogo mdomoni, igonge taratibu mpaka ilingane na ukingo. Zungusha beringi ya tenshena kwa kidole: ikikwaruza au ikizunguka muda mrefu bila kizuizi chochote, grisi yake imeisha.

Mkanda mpya usiukunje, usiupindue ndani nje, usiupake chochote. Anzia krankshafti, pandisha upande wa mbele ya gari ukiwa umekaza kabisa mpaka puli ya kamshafti, malizia upande wa tenshena. Ulegevu wote lazima ubaki upande huo wa tenshena. Ukiuacha upande wa mbele, ukianza kuzungusha alama zitapishana jino, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Legeza bolti ya tenshena, iache springi ifanye kazi. Rudisha puli ya krankshafti kwa muda na uzungushe raundi mbili kamili, mwendo wa saa, polepole. Usirudi nyuma hata kidogo. Ukipitiliza, zungusha raundi nyingine mbili. Alama zote zikilingana, kaza bolti ya tenshena kwa Nm 37 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kisha bonyeza mkanda katikati upande uliokaza kwa nguvu ya kama kilo 2: uingie milimita 5 hadi 6. Ukilegea sana utapiga kava, ukikaza sana utalia na kuiua beringi.

Toa tena puli ya krankshafti. Kabla ya kufunga kava la chini, rudisha sahani ya kuongozea mkanda kwenye krankshafti, upande wa kikombe ukiangalia nje. Ikisahaulika au ikigeuzwa, mkanda hujisugua ukingoni na kuanza kufumuka nyuzi.

Bolti ya krankshafti hukazwa Nm 118. Bila spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), chukua mtarimbo wa nusu mita, ning'iniza mizani ya kuvutia mwishoni, vuta mpaka isome kilo 24. Hili si pambo: puli ikilegea hula kipande cha chuma kinachoizuia isiteleze, kisha hula ncha ya krankshafti yenyewe, na hapo gharama inakuwa ya injini nzima. Nati za kava la tapeti kinyume chake: kaza kwa mkono mwepesi, gasketi ikibanwa sana ndiyo inavuja.

Rudisha maunti, mikanda ya nje, plagi na betri. Injini ikiwaka sikiliza. Ikitetemeka kwa sailensa (bila kukanyagwa mafuta), ikikosa nguvu na kula mafuta kuliko jana, taimingi imepishana jino moja. Usianze kuhangaika na distribyuta kufidia, fungua tena. Ikikaa vizuri, pasha injini, unganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya boneti, na upime kwa taa ya taimingi: digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Andika kilomita na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kava.