Kupima kasi ya mkaa kunyang'anya hematiti oksijeni

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliniletea hesabu iliyoonyesha kwamba hematiti yake (madini ya chuma iliyoungana na oksijeni) imepoteza asilimia 120 ya oksijeni. Vipimo vyake vilikuwa safi; kilichomwangusha ni hatua ya 4 hapa chini, kwa hiyo hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu.

Kwanza elewa kwamba punje ya mkaa na punje ya hematiti hazimalizani kwa kugusana. Kaboni monoksaidi, gesi itokayo kwenye mkaa, huchukua oksijeni ya hematiti na kuwa kaboni dayoksaidi. Hii nayo hurudi kwenye mkaa na kuzaa kaboni monoksaidi mpya. Mara nyingi safari hiyo ya kurudi ndiyo inayochelewesha kazi nzima.

1. Mkaa. Usiutumie kama ulivyotoka kwenye gunia. Uchome ndani ya chombo kilichofunikwa, kwa joto lisilopungua lile la jaribio, ili unyevu na moshi viishe. Saga, chekecha. Tumia mkaa wa gunia moja kwa majaribio yote, maana potasiamu iliyomo kwenye majivu huharakisha mmenyuko.

2. Mchanganyiko. Gramu 10 za hematiti zinahitaji takriban gramu 2.26 za kaboni, ikiwa gesi yote itatoka kama kaboni monoksaidi. Mimi huweka 3.

3. Tanuri. Nyuzi 950, 1000, 1050 na 1100 za Selsiasi, chini ya naitrojeni. Andaa vikombe kadhaa vya alumina (kauri inayostahimili joto), ukitoa kimoja kimoja kwa muda tofauti na kukipoza ndani ya naitrojeni hiyohiyo. Naupenda utaratibu huu kuliko mashine ya kupima uzito wa miligramu chache, kwa sababu kule mkondo wa gesi hupeperusha kaboni monoksaidi kabla haijafanya kazi. Themokapo (kipima joto cha waya) iwe katikati ya mchanganyiko: mmenyuko hunywa joto, na namba ya kwenye tanuri haikuonyeshi hilo. Moshi utoke nje. Kaboni monoksaidi ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

4. Oksijeni iliyotoka. Gramu 10 za hematiti zina gramu 3.006 za oksijeni. Lakini uzito unaopungua si wa oksijeni peke yake, kwani kila gesi inayotoka imebeba na kaboni. Ikitoka kaboni dayoksaidi tupu, hadi mwisho utapoteza gramu 4.13, ikitoka kaboni monoksaidi tupu, 5.26. Ukigawanya upungufu kwa 3.006, jibu halina maana. Ukigawanya kwa 5.26, unadhani gesi haikubadilika tangu mwanzo, na hubadilika.

Dawa yake ni kupima kaboni iliyobaki. Saga mabaki yote, si kipande cha juu, kisha uyapime kwenye mashine ya kuunguza kaboni. Itanasa hata ile iliyoingia ndani ya chuma. Tuseme mkaa wote ni kaboni: ulianza na gramu 13, zimebaki 9.40, zenye kaboni asilimia 16, yaani gramu 1.50. Kaboni iliyoondoka ni 1.50. Upungufu ni 3.60, hivyo oksijeni ni 2.10, sawa na asilimia 70.

Sasa hakiki. Gawanya oksijeni kwa 16 na kaboni kwa 12, uone uwiano: hapa ni 1.05. Lazima uwe kati ya 1 (kaboni monoksaidi tupu) na 2 (kaboni dayoksaidi tupu). Ukishuka chini ya 1, hewa imeingia. Ukizidi 2, kulikuwa na unyevu au moshi uliobaki. Kikombe kisichopita hapa usikiingize kwenye grafu.

5. Grafu. Chora −ln(1−f) dhidi ya muda, f ikiwa sehemu ya oksijeni iliyotoka, upate k, yaani kipimo cha kasi ya mmenyuko, kwa kila joto. Kisha ln k dhidi ya 1/T, T ikiwa kwa kelvini. Mteremko, ukibadili alama yake, zidisha kwa 8.314 upate nishati ya kuanzisha mmenyuko. Usiamini mlinganyo kwa sababu tu mstari umenyooka, kwani milinganyo kadhaa hunyooka katikati. Rudia kwa mkaa uliosagwa laini zaidi, hematiti ileile: kasi ikipanda, mkaa ndio unaochelewesha.

Ukitumia mawe ya chuma ya Liganga, Ludewa, Tanzania, iache ile 3.006. Yale ni magnetiti (madini mengine ya chuma) yenye titani. Hata magnetiti safi ina oksijeni asilimia 27.6 tu. Pima kemia yake kwanza.