Kumfundisha mtu kupiga picha: anza na dijitali, mkanda uje baadaye

Kuna wanaosema usipoanzia kwenye kamera ya mkanda hujajifunza picha. Mi sikubaliani, hasa kwa sisi wa Mtwara na Lindi. Mkanda mmoja una picha 36, siku hizi siyo kila studio inasafisha, kwa hiyo mpaka picha zije kuonekana dogo kashasahau zamani alikuwa ameweka shata (muda wa kuingiza mwanga) ngapi. Dijitali inamuonyesha palepale, halafu ISO (wepesi wa kuhisi mwanga), shata na apacha (tundu la lenzi) zote zinabaki zimeandikwa ndani ya picha yenyewe. Kwa anayeanza hiyo ni faida kubwa sana.

Ila usimwachie kwenye oto. Weka M, yaani apange kila kitu mwenyewe, siku ya kwanza. Jua la huku saa nne asubuhi linatosha kabisa kufundishia: ISO 100, apacha 16, shata 1/125, mtoe nje apige. Kisha afungue apacha mpaka 8 (namba ndogo ndo tundu kubwa), picha itaungua kwa mwanga kuzidi, mwambie aitafutie shata mwenyewe hadi mwanga urudi sawa (ni 1/500, lakini usimtajie). Akishaelewa kwamba ukiongeza huku unapunguza kule, kazi kubwa imeisha.

Sasa somo ambalo mimi nalitengea muda kuliko yote ni sura nyeusi na kanzu nyeupe. Mpeleke Mikindani Ijumaa watu wakitoka msikitini, asalimie kwanza, shikamoo babu, naomba nikupige picha, akikataliwa ashukuru aendelee na safari. Akikubaliwa akapiga kwa kufuata mita ya kamera (kipima mwanga chake) atashangaa uso umekuwa giza tupu, macho hayaonekani. Sababu ni kwamba mita haijui kanzu ni nini, inachotaka yenyewe kila kitu kiwe cha kijivu, kwa hiyo ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga na uso unazama. Asogee karibu, apime usoni peke yake, halafu apunguze mwanga kidogo maana ngozi nyeusi ikijaa kwenye fremu mita inafanya kinyume chake, inazidisha. Na jua likiwa kali amsogeze mzee barazani kwenye kivuli, hapo tofauti ya uso na kanzu inapungua yenyewe. Chini ya mkorosho pia kuna kivuli kizuri ila majani yanaleta ukijani kwenye ngozi, mi baraza naipenda zaidi.

Hapohapo ndo mwonyeshe tofauti ya kweli ya dijitali na mkanda. Kwenye dijitali weupe ukishaungua haurudi, hata ukae na kompyuta usiku kucha, kwa hiyo aangalie kanzu isipoteze mikunjo yake. Mkanda wa negativu ni kinyume, mwanga ukizidi kidogo unavumilia, ila ukipungua, kwenye kivuli hakuna kitu cha kuokoa. Ndo maana wengi wakiwa na mkanda wa ISO 400 wanaweka 200 kwenye kamera, ili iingize mwanga zaidi.

Kabla hajashika mkanda mpe zoezi: aende feri samaki wakishuka, picha 36 basi, skrini aizibe kwa karatasi, hakuna kufuta. Mkae mziangalie moja moja na umuulize hapa ulikuwa unataka nini. Akianza kujibu bila kubabaika mpe kamera ya mkanda.

Mkanda aupakie kivulini, na akivuta kwenda picha inayofuata atazame kile kitufe cha kurudishia upande wa kushoto, kikizunguka ujue mkanda umeshika, kisipozunguka baada ya kuvuta mara mbili tatu basi anapiga hewa. Asiuache kwenye gari, joto letu linaharibu rangi. Na ukiisha aurudishe wote kwenye kikopo chake kabla ya kufungua mgongo wa kamera, mwanga ukiingia hapo picha zimekwenda.