Somo: Kuvua kwa mshipi katika Hifadhi ya Bahari ya Watamu na hori ya Mida, kwa kufuata mwezi na upepo

Ndugu wanachama, wengi wenu mmeniuliza ndoana ya kununua kabla ya kwenda Watamu, na nitaijibu hoja hiyo, lakini si hapo pa kuanzia. Nimewaona watu wakishuka pwani na mishipi mipya na chambo kizuri, wakarudi na chaa wawili wa kukaanga, kwa sababu walikwenda siku ambayo mkondo ulikuwa ukiizoa chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, kama jani. Kwa hiyo somo hili linaanza na mpaka, likaingia kwenye mwezi, kisha upepo, na zana zinakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: jua uko katika maji gani

Watamu, katika kaunti ya Kilifi, ina maji ya aina mbili yaliyo chini ya Shirika la Wanyamapori nchini Kenya, KWS, na watu huyachanganya kila siku. Yako yale ya Mbuga ya Kitaifa ya Bahari, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, ambayo ukubwa wake ni kilomita 10 za mraba. Humo havuliwi samaki kwa namna yoyote, wala hakiokotwi hata kijumba cha konokono mtupu. Yako pia ya Hifadhi ya Bahari, ambayo inaizunguka mbuga na kuingia katika hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, yenye mikoko pande zote, na humu ndimo wenyeji wanamoruhusiwa kuvua kwa zana za jadi: mshipi, malema (mitego ya samaki ya kusukwa) na nyavu zilizokubaliwa. Tangu mwaka 1979 eneo lote hilo, pamoja na la Malindi, limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za uhai anuwai.

Mpaka wa baharini hauna ukuta. Kabla ya kutia chombo majini, nenda kwenye kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile ambacho kila mtu hukiita BMU, ujitambulishe, uonyeshe leseni yako, na umwombe mzee mmoja akuonyeshe alama za nchi kavu anazozitumia: mnazi huu ukilingana na paa lile, umefika mwisho. Mambo ya karatasi ni mafupi ukiyamaliza pale pale. Ukiyaruka, yanakuwa marefu sana.

Hatua ya pili: hesabu mwezi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nitakapokaa.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, ambapo tofauti kati ya maji ya juu na maji ya chini huzidi mita 3; mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi. Haya kila mtoto wa pwani anayajua. Jambo ambalo wageni hawalijui, na ambalo litakusaidia kuliko kifaa chochote cha kununua, ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki: mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji huwa yamejaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na yamekupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kutoka hapo, kila siku inayopita sogeza mbele dakika 50.

Tuchukue mfano. Leo ni mwezi tano, yaani siku ya tano tangu mwezi kuandama. Kutoka mwezi mosi zimepita siku nne, yaani dakika 200, ambazo ni saa tatu na dakika 20. Ukiziongeza kwenye saa kumi alasiri, maji yatajaa karibu na saa moja na dakika 20 usiku, na yatakuwa yamekupwa karibu na saa saba na dakika 20 mchana. Basi mvuvi wa mshipi huingia majini saa nane, maji yakiwa yameanza kurudi, akavua yakipanda, akatoka kabla ya giza. Hesabu hii inaweza kukosea kwa nusu saa, na jedwali la maji la bandari ya Mombasa litakusahihisha, lakini jedwali huachwa nyumbani na mwezi hauachwi.

Sasa siku ipi ni nzuri? Kwa mshipi ndani ya hori, mimi huchagua mwezi nne hadi saba, na tena ishirini hadi ishirini na mbili, maana mkondo wa siku hizo una nguvu ya kuwatoa samaki mikokoni bila ya kuipeperusha chubwi. Siku za bamvua kali maji yote ya Mida hutaka kupita mlangoni kwa wakati mmoja. Mwaka fulani nilitia nanga karibu na mlango huo, siku ya mwezi kumi na sita, nikijiambia kwamba nitavua robo saa tu baada ya maji kuanza kutoka. Kamba ya nanga ilikazika hadi ikaanza kulia, ngalawa ikainamisha pua, na nilipoikata ili kujiokoa nilijikuta natazamana na mawimbi yanayovunjika mwambani. Nilipiga kafi hadi viganja vikachubuka, nikaokolewa na mashua iliyokuwa ikirudi. Siku za bamvua muachie mwenye malema, au anayetafuta pweza kwa miguu maji yakiwa chini asubuhi, kwenye miamba iliyo nje ya mbuga.

Hatua ya tatu: pima upepo

Kusi huanza mnamo Aprili na kuendelea hadi Septemba. Bahari ya nje huchafuka, mwani hulundikana ufuoni hadi ukanuka, na wavuvi wa vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba au ndani ya hori. Usisikitike, kwa sababu Mida ina samaki mwaka mzima. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndiyo msimu wa maji meupe, isipokuwa siku za vuli, mto Sabaki unapofurika na kaskazi kuyasukuma matope yake kuelekea kusini. Malindi huathirika zaidi, kwa kuwa mto huo unamwaga maji jirani yake. Kati ya pepo hizo mbili kuna tangambili, na kwa mtazamo wangu majuma yake machache ndiyo bora kuliko yote kwa anayejifunza, kwa sababu bahari hulala na kosa dogo halikugharimu chombo.

Kwa siku moja moja, angalia asubuhi. Umande, yaani upepo wa alfajiri, ukivuma kutoka bara kabla ya jua kupanda, una saa kadhaa za utulivu. Ukiona miti ya ufuoni imeanza kutikisika mapema, vua karibu na nyumbani.

Hatua ya nne: funga mshipi na utie chambo

Kwa changu na chaa, tumia mshipi mwembamba wa nailoni, ndoana ndogo mbili na chubwi isiyozidi uzito wa betri ya tochi. Funga chubwi mwisho kabisa, kisha ndoana ya kwanza shubiri mbili juu yake na ya pili shubiri mbili tena, kila moja kwenye kijimshipi chake kifupi, ili zisisukane. Chambo changu ni ngisi. Mkate vipande vyembamba vya urefu wa kidole kidogo, kisha piga kila kipande kwa ubapa wa kisu hadi kilainike. Kitoboe mara moja upande mmoja, ukiache kipepee. Kipande kilichokunjamana kwenye ndoana kama nguo chafu huliwa na vidagaa kabla hakijafika chini.

Shusha hadi chubwi iguse mchanga, kisha uivute juu kiasi cha dhiraa moja. Mshipi ulale kwenye kidole cha shahada, usiushike kwa ngumi. Chaa hugonga mara mbili tatu kama mtu anayebisha hodi kwa haya, usivute. Ukihisi uzito unaondoka nao, ndipo uvute mara moja, kwa kifundo cha mkono na si kwa bega. Changu ni tofauti, huvuta na kukimbilia mwambani papo hapo, na ukichelewa ameshakukatia.

Hatua ya tano: mjue uliyempata

Ndani ya hori, kwenye mchanga na majani ya bahari, utapata chaa, changu na mara kwa mara kolekole wachanga wanaofukuza dagaa maji yanapojaa. Mkizi na mwatiko wanarukaruka mbele ya macho yako, lakini hawashiki ndoana kirahisi. Hao ni wa wavu. Tasi anakula majani, kwa hiyo huvuliwa kwa lema lenye mwani na konokono wa mikokoni waliopondwa, na msimu wa kaskazi, siku za baada ya mwezi mpevu, hukusanyika kwa wingi ili kutaga. Nasema hivyo ili mjizuie: kundi linalotaga halivunwi lote kwa siku moja. Malema ya kisasa huachiwa upenyo wa sentimita 3 pembeni ili wachanga watoke, nami nayasifu, ingawa wazee wengine wanayacheka.

Tewa hukaa mapangoni, na mapango yaliyoko mlangoni mwa Mida yanaitwa kwa jina lake. Yule mkubwa muachie wazamiaji wamtazame. Nje kabisa ya mwamba, ambako chombo chenye mashine ndicho kinachofaa, kuna nguru, jodari na sulisuli, ambaye wageni humvua msimu wa kaskazi na mara nyingi humtia alama na kumrudisha majini. Huo ni uvuvi mwingine, wenye gharama nyingine.

Ukimpata bunju, yule anayejijaza hewa kama mpira, mtoe ndoana kwa koleo umwachie. Sumu yake huua, na hakuna mapishi yanayoiondoa.

Maswali ya wanachama

*Swali, kutoka Kilifi:* Shikamoo mwalimu. Je, nikisimama ufuoni mbele ya mbuga usiku na kutupa mshipi bila ya chombo, nitakuwa nimekosa?

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Utakuwa umekosa. Katazo ni la maji yale, si la chombo wala la saa. Tembea hadi eneo la hifadhi, au uje Mida mchana kwa njia iliyo halali.

*Swali, kutoka Tanga:* Kaka, hesabu ya saa kumi na dakika 50 inafaa na huku kwetu?

*Jibu:* Inafaa, kaka. Pwani ya Kenya na ya Tanzania bara, pamoja na Unguja, hujaa kwa nyakati zinazokaribiana sana. Kinachotofautiana zaidi ni kimo na umbo la mahali: hori ndefu huchelewa, na maji yake huendelea kutoka hata baada ya ufuo wa nje kuanza kujaa. Mida nayo iko hivyo, kwa hiyo ukiwa ndani kabisa ya mikoko ongeza muda kidogo.

*Swali, kutoka Maskati:* Mama yangu ni wa Mombasa na humtaja tasi kila tunapokula samaki. Huku yupo?

*Jibu:* Yupo jamaa yake wa karibu, na hapo sokoni mwambie muuzaji akupe "safi", ndilo jina lake huko. Atakupa samaki ambaye mama atamtambua kwa kinywa kidogo na miiba. Hesabu yangu ya maji, hata hivyo, usiitumie huko. Bahari ya Oman ina saa zake.

*Swali, kutoka Malindi:* Nilichomwa na mwiba wa tasi nikimtoa kwenye lema, mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko. Nilipaka mafuta ya taa. Nilifanya sawa?

*Jibu:* Pole sana, lakini mafuta ya taa hayasaidii. Miiba ya tasi ina sumu, na kinachopunguza maumivu yake ni moto: tumbukiza mkono katika maji ya moto kiasi unachoweza kukistahimili bila ya kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, ukijaribu joto kwanza kwa mkono usiochomwa. Uvimbe ukipanda au kipande cha mwiba kikibaki ndani, nenda hospitali. Na mara nyingine mshike tasi kwa kitambaa kinene, ukianzia kichwani na kulaza miiba kuelekea mkiani.

*Swali, kutoka Lamu:* Nasikia unawashauri watu kwamba changu mkubwa sana naye arudishwe. Kwa nini? Sisi tumezoea kurudisha wadogo.

*Jibu:* Wadogo warudi bila mjadala. Kwangu tasi au changu asiyefika shubiri moja haingii kapuni. Kuhusu wakubwa, changu huanza maisha wakiwa majike na baadhi yao hugeuka madume wanapokua, na tewa ni vivyo hivyo. Mkiwatoa wakubwa wote mahali pamoja, mmebakiza majike wasio na dume. Simwambii mtu mwenye watoto wa kulisha amrudishe samaki wa kilo tatu kila siku. Nasema katika hifadhi ndogo kama hii, akipatikana mkubwa wa pili, mrudishe, wa kwanza anatosha.

*Swali, kutoka Gede:* Kasa akijinasa kwenye mshipi nifanye nini? Naogopa kushtakiwa.

*Jibu:* Kasa na ng'amba wanalindwa na sheria, lakini kumnasa kwa bahati mbaya na kumtoa salama si kosa. Kosa ni kumficha. Usimnyanyue kwa mshipi. Mlete taratibu ubavuni mwa chombo, mshike kwa gamba mbele na nyuma, na kama ndoana iko nje ya kinywa itoe. Ikiwa ameimeza, usiivute. Kata mshipi ukiacha urefu wa mkono mmoja, mfunike kwa nguo yenye maji, umpeleke ufuoni, kisha upige simu kwa KWS au kwa wahudumu wa kasa walioko Watamu, ambao wamezoea kazi hiyo. Mshipi uliobaki ukunje urudi nao nchi kavu.