Buibui Mkubwa Ukutani: Jinsi ya Kuishi Naye, na Jinsi ya Kumtoa Ukishindwa

Shemeji yangu alinipigia simu saa tano usiku. Alikuwa juu ya kitanda tangu saa mbili, miguu kaikunja, macho hayabanduki ukutani. "Shemeji, njoo. Ni mkubwa kama sahani." Nikamwambia ni kazi ya dakika kumi. Tulimaliza saa saba na nusu, na buibui hakuwa na kosa lolote katika ucheleweshaji ule. Nimeandika ili wewe usirudie yangu.

Hatua ya 1: Mwangalie kwanza

Washa taa, simama mbali kidogo, mmulike kwa tochi. Ukiona mwili bapa wa kahawia au kijivu, miguu imetandazwa pembeni kama ya kaa, na hakuna utando, basi huenda ni buibui mwindaji. Aliyezoeleka zaidi majumbani katika nchi za joto kitaalamu huitwa Heteropoda venatoria: mwili sentimita mbili hadi tatu, na miguu ikitandazwa anaweza kupita kumi. Ubapa huo ndio unaomwezesha kupenya nyuma ya picha au kabati. Shemeji alipolalamika kuhusu sahani nilimtajia binamu yake wa mapango ya Laos, Heteropoda maxima, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 2001, ambaye miguu yake hufika sentimita 30. Haikumtuliza.

Ukimkuta bustanini katikati ya utando mkubwa unaong'aa rangi ya dhahabu, huyo ni wa jamii ya Trichonephila, na ni jike. Dume ni kajitu kadogo pembeni ya utando ambako wengi hudhani ni mtoto wake. Pita njia nyingine, mwache.

Usipime hatari kwa ukubwa. Aina za buibui zinazojulikana zimepita 50,000 na zinazoweza kumdhuru mtu vibaya ni chache mno. Na mmoja wa hao wachache, mjane mweusi, ana mwili wa takriban sentimita moja tu, mviringo na wa kung'aa, mara nyingi mwenye alama nyekundu tumboni. Ila kama unaishi Brazili au mashariki mwa Australia, ambako wapo wakubwa wenye sumu kali kweli, usifuate mwongozo huu mpaka uwe umewajua wa kwenu.

Hatua ya 2: Jiulize kama kuna haja

Huyu mwindaji wa ukutani anakula mende. Hasuki utando wa kunasia, anatembea usiku, na mchana anajibanza. Mimi ninaye mmoja stoo na sina mpango naye.

Kabla hujaita watu, hakikisha yu hai. Buibui hujivua gamba anapokua, na gamba tupu lina miguu yote minane, linaning'inia kama buibui kamili. Lipulizie kwa mbali. Likipeperuka kama jani kavu, umekuwa ukiliogopa ganda.

Hatua ya 3: Kumkamata

Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia.

Nilianza na bilauri, kama watu wote. Mdomo wa bilauri ni mwembamba kuliko miguu yake, kwa hiyo ukingo ulibana mguu mmoja. Buibui akibanwa huuacha mguu na kwenda zake. Huyu aliuacha, akakimbilia nyuma ya kabati na saba iliyobaki. (Kama bado anakua, mguu huota tena polepole kila anapojivua gamba.) Kisha nikashika ufagio, naye akapanda ufagio wenyewe kuja mkononi kwangu. Niliutupa. Baada ya hapo tulizima taa tukakaa kimya zaidi ya saa nzima hadi alipojitokeza.

Kilichofanya kazi ni bakuli la plastiki linaloonyesha ndani, lenye mdomo wa sentimita 15 au zaidi na kina cha kutosha. La kioo sitaki kuliona kwenye kazi hii: ni zito, na ukishtuka linaanguka. Tafuta pia jalada gumu la kalenda, pana kuliko mdomo wa bakuli. Karatasi ya kawaida hujikunja katikati na kuacha mwanya, naye huuona mwanya kabla yako.

Sogeza bakuli polepole, ukiwa umelielekeza ukutani sawasawa. Miguu yake ina vinywele vinavyohisi hata mwendo wa hewa, kwa hiyo mkono wa haraka humfikia kabla ya bakuli. Ukibakiza kama shubiri moja, tulia apoe. Kisha funika moja kwa moja bila kusitasita, mwili wake ukiwa katikati.

Sasa usifanye chochote. Nasisitiza kwa sababu kila mtu huharibu hapa. Atazunguka, atajigonga, halafu atapanda kwenye bakuli. Ngoja mpaka miguu yote iwe imeacha ukuta. Hapo pitisha jalada kutokea upande aliouacha wazi, ukiwa umekandamiza bakuli kwa mkono mwingine.

Ukuta ukiwa wa kuparuza, jalada litakwama; inua ukingo wa bakuli kidogo sana upande linakoingilia, na ule wa pili uugandamize. Akiwa kwenye kona, usijaribu kabisa, kwa kuwa bakuli halizibi kona. Mguse miguu ya nyuma kwa ncha ya jalada ili asogee hadi penye ukuta laini. Ukimgusa mbele anaweza kugeuka na kukukimbilia. Akiwa darini, subiri ashuke. Kupanda kiti usiku, kichwa nyuma, na kitu kinachokimbia juu ya uso wako ndiyo hatari pekee ya kweli niliyoiona katika kazi hii yote.

Na ukiona amekumbatia kitu cha mviringo, bapa, cheupe chini ya mwili, huo ni mfuko wa mayai. Jike wa namna hiyo hujitetea, atainua miguu ya mbele na anaweza kuuma. Mfungie mlango wa chumba, ulale kwingine.

Hatua ya 4: Kumwachia

Nje, kwenye gome la mti au rundo la kuni. Weka bakuli chini kabisa ndipo ufungue. Usimrushe, tumbo lake ni laini na anguko linaweza kumpasua.

Hatua ya 5: Asirudi

Dawa ya kupuliza siipendi. Ukimpulizia mwenyewe atakufa, lakini kwa kuyumbayumba hovyo chumba kizima. Ile iliyokauka ukutani haimsumbui sana, kwa kuwa anatembea kwa ncha za miguu. Afadhali umwondolee sababu ya kuja. Ziba mwanya chini ya mlango, tengeneza wavu wa dirisha uliotoboka, na pambana na mende. Taa ya nje badilisha uweke ya rangi ya manjano, maana nyeupe kali huvuta wadudu, na wadudu humvuta yeye.

Akikuuma

Hutokea mara chache, mara nyingi akibanwa ndani ya nguo au taulo. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi. Kwa kawaida ni maumivu na uvimbe wa muda. Nenda hospitali ikiwa maumivu yanasambaa mwilini, unatoka jasho jingi, unapumua kwa shida, au kidonda kinazidi kuwa kibaya siku zinavyopita. Ukiweza, mpige buibui picha uwaonyeshe. Usimkimbize kwa ajili hiyo.