Pasi ya treni ughaibuni: piga hesabu kabla ya kulipa

Dukani kwangu Ngamiani, Tanga, nakata tiketi za ndege. Likizo ya shule ikikaribia hakosi mzazi wa kuja na simu mkononi: "Kaka, nimeona hii pasi ya treni, unalipa mara moja, unapanda mpaka uchoke. Ninunue?" Simjibu. Nampa kalamu na karatasi.

Hatua ya 1. Orodhesha safari za mji kwa mji peke yake. Ukikuta mbili tu, kata tiketi za kawaida, usiendelee kusoma.

Hatua ya 2. Tafuta nauli ya kila safari kwenye tovuti ya shirika la reli lenyewe. Ulaya, tiketi za treni ya kasi huwa nafuu zaidi ukizikata mapema. Ukilinganisha pasi na nauli ya siku ya safari, pasi itashinda na utakuwa umejidanganya.

Hatua ya 3. Watoto. Hapa ndipo hesabu hupinduka. Eurail, pasi yetu sisi tusioishi Ulaya, haimtozi mtoto wa miaka 4 hadi 11. Kila mtu mzima anaruhusiwa wawili. Tamu hiyo! Ila Ujerumani mtoto wa chini ya miaka 15 akiwa na mzazi hupanda bure treni za masafa marefu hata kwa tiketi ya kawaida, mradi aandikwe humo. Kwa hiyo ukizunguka Ujerumani tu, pasi haijakuongezea kitu upande wa watoto.

Japani nayo: Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Baba mmoja wa Raskazone alitaka kwenda Tokyo hadi Kyoto na kurudi, yeye, mkewe, na watoto wa miaka 9 na 4. Wa miaka 9 hulipa nusu, wa miaka 4 halipi akipakatwa. Tukaandika: pasi, 50,000 mara mbili na nusu, yeni 125,000. Tiketi, kama 14,000 kwenda na 14,000 kurudi, mara mbili na nusu, yeni 70,000. Akaitazama karatasi, akaigeuza, kama vile jibu lingine liko nyuma. Hata angefika Hiroshima, kama 19,000 kwenda, bado tiketi zingeshinda.

Hatua ya 4. Ongeza ada ya siti. Treni za kasi za Ufaransa, Hispania na Italia hazikupokei kwa pasi pekee. Siti hulipiwa kando, kwa kila kichwa, na mtoto wa pasi ya bure yumo. Mimi hili nililijua kwa kukaa juu ya mabegi stesheni hadi jioni, wanangu wakimaliza kashata za zawadi, kwa sababu sikubuki siti mapema.

Hatua ya 5. Pasi ya siku 4 ndani ya mwezi, yaani unachagua siku nne za kupanda, huhesabu siku ya kalenda. Ukipanda nusu saa, siku imeliwa. Safari fupi lipia mfukoni, siku za pasi zitunzie zile ndefu.

Hesabu zikikaribiana, na unakwenda Uswisi, Austria au Ujerumani ambako treni nyingi hazilazimishi kubuki siti, mwenye watoto wadogo namwambia achukue pasi. Mtoto akitapika asubuhi, mnapanda treni ya saa nane, na hakuna nauli iliyopotea.